DX Haiuzwi kwa Kilo

Mwezi wa pili mwaka huu binamu yangu alishuka kutoka Nairobi na Vitz ya mkopo, akaizunguka Corolla ya mjomba mara moja tu, akasema iuzwe skrapu. Alikuwa ameshapiga hesabu ya chuma kwa kilo. Mjomba alinyamaza. Mimi ndiye nilijibu, na kwa sababu siku hiyo nilijibu kwa hasira na matusi kidogo, ninajibu tena hapa nikiwa nimetulia.

Corolla yenyewe ni KE70, ile Wakenya tunaiita DX. Inalala Bangale, kando ya barabara ya kutoka Thika kwenda Garissa, chini ya mgunga, na mchana mbuzi hugombania kivuli chake. Toyota ilianza kuunda toleo hilo mwaka 1979. Ya mjomba ina injini ya 4K, cc 1290, kabureta moja, na cheni ya taimingi badala ya mkanda. Hakuna kompyuta popote. Ikikataa kuwaka unauliza maswali mawili: petroli inafika? Moto unafika kwa plagi? Majibu unayapata kwa spana chache, bisibisi na kipande cha msasa.

Hoja ya binamu mnaijua. Ati gari la zamani ni shimo la pesa, na anayelitengeneza mwenyewe nyumbani anaficha umaskini nyuma ya mikono yenye oili. Kuhusu mimi aliongeza kwamba nimeacha chuo nikaja kucheza na vyuma. Niliacha chuo mwaka wa pili, kweli. Karo ndiyo ilikuwa sababu ya kwanza na uvivu sababu ya pili, sitadanganya.

Tuanze na pesa basi. Mwaka jana gari lilichemka kati ya Madogo na Bangale. Gereji moja ikasema injini imekufa, leteni 80,000 mtafutiwe nyingine. Mjomba hakuwa nazo, na hivyo tu ndivyo mimi nilivyopata nafasi ya kufungua boneti. Nilichomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa nyeusi, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa hivyo maji hayakuwa yameingia. Nikawasha injini ikiwa baridi, kifuniko cha rediator kikiwa wazi, nikatazama maji: hayakutoa mapovu. Dalili zote za gasketi kuungua hazikuwepo. Nilichokuta ni mkanda wa feni uliolegea, na rediator iliyozibwa na chumvi ya maji ya kisima tuliyokuwa tukiijaza miaka nenda miaka rudi. Thamostati haikuwepo kabisa. Fundi fulani aliitoa zamani, kwa sababu hiyo ndiyo dawa ya kila gari linalochemka nchi hii. Haifungui rediator iliyoziba. Inaifanya tu injini ichelewe kupata joto, inywe petroli zaidi na iliwe mapema.

Rediator ilifunguliwa, ikapigwa waya na kulehemiwa upya Garissa. Thamostati ilitoka Kirinyaga Road, Nairobi, kule Grogan, ikaja kwa basi ndani ya bahasha. Nikaongeza mkanda mpya na kuleanti. Jumla 6,400. Tangu hapo hatuweki maji ya kisima.

Tofauti ya 80,000 na 6,400 haikutokana na akili yangu, jamani. Ilitokana na mtu kuwa na muda wa kuangalia kabla ya kutoa hukumu. Gereji inauza saa zake, na kubadilisha ni haraka kuliko kutafuta. Anayetengeneza nyumbani ana saa zake mwenyewe. Na huku Bangale, mtu asiye na kazi ya mshahara, saa ndizo mali aliyo nayo. Binamu yeye analipa kila mwezi, na logibuku iko kwa mkopeshaji. Miezi miwili akikwama, Vitz itaondoka kwa winchi. Kwa hivyo nani hapa ana gari?

Halafu kuna hii imani kwamba umri ni ugonjwa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na watu wameigeuza sheria hiyo ya bandarini kuwa kipimo cha kila gari lililo barabarani. Huko Japani kwenyewe, gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake hupandishwa, na wengi huona heri kuliuza. Lakini kodi haipimi chuma. Haijui kama oili ilibadilishwa au la.

Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024? Kabla ya kuondolewa, ulikuwa na kodi ya magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue 5,000 wala isizidi 100,000. Chukua kalamu. Gari lolote la chini ya 200,000 lingelipa zaidi ya asilimia 2.5, na la zaidi ya milioni nne lingelipa pungufu. DX ya mjomba ingemsaidia mwenye Prado. Tulipiga kelele kuhusu mkate, na ilikuwa haki, lakini hii ilitupita kimya kimya.

Nina ugomvi pia na wasee wa upande wa pili, wale mnaozipenda DX kwa picha. Mnainunua, mnaishusha mpaka inakwaruza lami, mnaweka rimu za bei kuliko injini, halafu tapeti zikilia mnaongeza sauti ya redio. Joginder Singh alishinda Safari Rally 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta akaishinda na Datsun mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Magari yale yalipigwa na mawe na matope kama ya wengine wote, na kulikuwa na mafundi njiani wakiyasubiri na spana. Sifa mnayoivaa leo ilitoka kwa mikono ile.

Sasa ukweli usiopendeza. DX haina mifuko ya hewa. Ikigongana na lori la mbuzi, mwenye Vitz ana nafasi nzuri kuliko mimi, na hapo binamu yuko sawa. Moshi wake pia si mzuri. Ndiyo maana breki sizifanyi peke yangu: nikizifungua, fundi huzikagua kabla gari halijatoka uani. Na siingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Kutengeneza nyumbani si ruhusa ya kubahatisha.

Ninachokataa ni kufungiwa nje ya kitu ninachokimiliki. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa wenye magari na gereji huru taarifa za ukarabati. Watu wenye gereji kila kona waliona haja ya kuipigania haki hiyo. Sisi tulio mbali na gereji tunaambiwa tuitupe kwa hiari yetu.

Kuna usiku mmoja wa mvua mwaka huu jirani yetu alishikwa na uchungu. Simu mbili zilipigwa, hakuna gari lililokuja. Mjomba alivuta choki, DX ikakohoa mara mbili ikawaka, tukashika njia ya Garissa, mimi nikiwa nyuma nimeshika tochi nikitazama geji ya joto begani mwake. Sindano haikupita nusu. Mtoto ni msichana, na mama yake hajawahi kuniuliza lile gari ni la mwaka gani.

Jumapili ninapima tapeti. Injini ikiwa na joto: 0.20 mm upande wa kuingiza, 0.30 mm upande wa kutoa moshi. Binamu akishuka tena, aje. Fila geji ya pili ipo, na mjomba amesema atachemsha chai.