Kapteni Aliyeshika Uongozi kwa Siku Chache

Mwezi huu twawaletea habari za askari mmoja wa Polandi, jina lake Stanisław Taczak. Alizaliwa mwaka 1874 katika Mieszków, upande wa Poznań, nchi ambayo wenyeji huiita Wielkopolska. Wafalme wa Prussia waliitwaa nchi hiyo mwaka 1793, wakaitawala, ila kwa miaka michache ya Napoleon, hata mwisho wa vita vya 1914–1918, vita vile vile vilivyofika kwetu Tanga na Tabora.

Ukali wa utawala ule waonekana katika jambo moja. Mwaka 1901, katika mji wa Września, watoto wa shule walikataa kujibu mafundisho ya dini kwa Kijerumani, maana nyumbani walisali kwa Kipolandi. Wakachapwa viboko, na wazazi waliokwenda kulalamika wakashtakiwa, wengine wakafungwa. Sisi tufundishao katekisimu twajua jinsi lilivyo jambo zito kumlazimisha mtoto amwite Mungu Baba kwa lugha isiyo ya mama yake.

Taczak alikuwa mtu wa watu hao, na ndugu yake mmoja alikuwa padre. Lakini alitumikia jeshi la Wajerumani mpaka akapata cheo cha kapteni. Asilaumiwe kwa hayo. Kijana wa Poznań hakuulizwa apenda kumpigania nani.

Novemba 1918 Kaisari Wilhelm aliacha kiti chake, na Taczak akaingia katika jeshi jipya la Polandi huko Warsaw. Siku za Noeli alikuwa akipita Poznań. Tarehe 26 Desemba mpiga piano mashuhuri Ignacy Paderewski alifika mjini, watu wakamlaki kwa shangwe kubwa. Kesho yake bunduki zikalia. Watu walikuwa na silaha, na hasira za miaka mingi, ila amiri hawakuwa naye. Basi wakuu wa Baraza la Watu wakamwita kapteni huyu, mpita njia, wakamwomba awaongoze. Akakubali, lakini kwa muda tu, mpaka apatikane mwenye cheo kikubwa kuliko chake.

Afisi yake ilikuwa katika hoteli iitwayo Royal. Vikundi vya wapiganaji vilikuwa vimezuka kila mahali, kila kimoja na mkubwa wake. Taczak akaigawa nchi majimbo saba ya kijeshi, akavitia vikundi hivyo chini ya amri moja. Tarehe 6 Januari 1919 wakauteka uwanja wa ndege wa Ławica.

Tarehe 16 Januari Jenerali Józef Dowbor-Muśnicki akaupokea uongozi. Siku kumi na tisa za ushindi zatosha kumlevya mtu, na wako waliopigana na wenzao kwa ajili ya kiti kidogo kuliko hicho. Taczak alikabidhi, akabaki jeshini. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Februari, mapatano ya Trier yakasimamisha vita, na Mkataba wa Versailles wa 28 Juni ukawapa Wapolandi sehemu kubwa ya nchi ile.

Yeye akawa jenerali mwaka 1924. Wajerumani waliporudi mwaka 1939 walimkamata, naye amekwisha kuwa mzee wa miaka 65, wakamweka kifungoni hata 1945, mwishowe katika kambi ya Murnau. Alifariki Malbork mwaka 1960, mbali na kwao. Mwaka 1988 mifupa yake ikachukuliwa, ikazikwa Poznań.