Bei ya Breki ni Suala la Umma

Inapotokea ajali ya bodaboda, ndimi zetu huwa nyepesi kumtaja dereva: mwendokasi, ulevi, kutovaa kofia ngumu. Ni nadra kuuliza iwapo breki ya pikipiki ile ilikuwa nzima, na spea yake ilinunuliwa kwa bei gani. Hoja yangu ni kwamba upatikanaji wa breki salama na nafuu kwa pikipiki kuukuu ni suala la sera, wala si siri baina ya dereva na fundi wake.

Tuanze na uchumi wake. Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila siku humpelekea mwenye chombo hesabu, na mara nyingi matengenezo madogo huwa juu yao. Chombo kikizeeka, hesabu haipungui, ilhali matengenezo huongezeka. Brekishuu zikilika, dereva huyo hupima bei ya spea dhidi ya chakula cha nyumbani siku hiyo. Husemwa kwamba cha bei rahisi huishia kuwa ghali; lakini asiye na akiba hana uhuru wa kuufuata ushauri huo.

Katika maduka ya spea, mjadala wetu hutambua aina mbili tu: halisi na feki. Kwa kweli zipo tatu. Ipo ya mtengenezaji wa pikipiki mwenyewe. Ipo bandia, iliyovishwa nembo ya mwingine ili kumhadaa mnunuzi. Na ipo mbadala, iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake chenyewe. Hii ya tatu ndiyo tumaini la mwenye kipato kidogo. Pikipiki nyingi za Kichina zilifuata muundo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, hivyo spea za chapa moja mara nyingi huingia katika nyingine.

Tatizo ni kwamba ubora wa mbadala hauonekani kwa macho. Brekishuu mbovu hung'aa dukani sawasawa na iliyo njema. Kasoro hujitokeza mteremkoni, joto linapopanda: gundi huachia, kitambaa cha msuguano hubanduka kwenye chuma, na gurudumu hukwama au hukosa kushikwa kabisa. Lipo pia suala la afya. Vitambaa vya breki vya zamani vilichanganywa na asbesto, ambayo Shirika la Afya Duniani limethibitisha kwamba aina zake zote husababisha saratani. Fundi anayepuliza vumbi la breki kwa mdomo hana namna ya kujua anachovuta.

Sheria hatujazikosa. Ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na ipo Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Hata hivyo, kukamata na kuteketeza bidhaa bandia hulinda nembo kwanza. Dereva hubaki na swali lilelile: anunue ipi anayoimudu?

Atakuja mtu na hoja kwamba masharti zaidi yatapandisha bei. Yangeipandisha kama kila chapa ingedai spea yake ya pekee. Lakini pale vipimo vinapofanana, Shirika la Viwango linaweza kupima mbadala chache zinazouzwa sana na kutangaza wazi, kwa Kiswahili, zilizofaulu. Vyama vya bodaboda vingeweza kuziagiza kwa jumla. Na mkataba kati ya mwenye chombo na dereva ungepaswa kumbebesha mwenye chombo gharama ya breki, kwa kuwa mali ni yake na faida huipata kila jioni.

Watumishi wa umma wanaosoma haya nao hupanda bodaboda kuwahi ofisini. Wakati wa kulihoji jambo hili ni sasa, wakiwa bado na kalamu mkononi, si siku watakapokuwa majeruhi wodini.