Tuanze na Pimbi

Wako wenzetu wasemao kwamba kupiga picha za wanyama si kazi ya watoto wa Masieda, ila ya watalii waendao Ngorongoro na kamera ndefu kama bunduki. Mimi sikubali. Wanyama hawakuzaliwa wote ndani ya hifadhi.

Tazameni pimbi. Asubuhi ya baridi hutoka katika nyufa za mawe akaota jua, akakaa hapo kitambo bila haraka. Kwa mtu anayeanza, mwalimu bora kuliko yeye sijamwona. Mwendee polepole, jua likiwa mgongoni mwako. Ukifika karibu kiasi, keti, weka viwiko juu ya magoti, usubiri. Tena picha ipigwe usawa wa macho yake, si kutoka juu kama mtu achunguliaye kisima. Kama chombo chako ni simu, usimvute kwa vidole ili aonekane mkubwa, maana picha hupoteza usafi wake. Heri mnyama mdogo aonekanaye vizuri. Ikifika saa nne jua ni kali na vivuli ni vyeusi, basi rudi nyumbani. Wala mtu asitie mkono katika kiota cha mnana ili apate picha ya makinda. Huo ni uharibifu.

Na mnyama mdogo si wa kudharauliwa. Mwaka 2005, katika misitu ya milima ya Udzungwa, kamera iliyotegwa ijipige yenyewe mnyama apitapo ilipata picha ya sengi mmoja, mnyama mwenye pua ndefu na uzito wa gramu 700 hivi. Wataalamu hawakumtambua. Mwaka 2008 alitangazwa kuwa aina mpya kabisa.

Sasa nasema neno ambalo huenda walimu wengine hawatalipenda. Wanafunzi tumekatazwa simu shuleni, na sababu zake twazijua, sipingi. Naomba simu moja tu, ya mwalimu, naye mwenyewe akiwapo, Jumamosi tangu saa moja hadi saa nne asubuhi. Vilabu vya Malihai viliundwa nchini mwaka 1980 ili vijana wajifunze habari za wanyama. Kujifunza tembo kwa kuchora ubaoni, huku pimbi yuko nyuma ya shule, naona ni ajabu.

Wazazi nao huuliza: fisi aliyekula mbuzi wangu apigwe picha ya nini? Ni swali la haki. Lakini si lazima umpige fisi mwenyewe. Piga nyayo zake kando ya zizi, ukiweka kalamu karibu ili ukubwa ujulikane. Nyayo za fisi zina alama za kucha, na za chui kwa kawaida hazina, maana chui huficha kucha zake anapotembea. Za mbwa nazo zina kucha, ila miguu ya mbele ya fisi huacha alama kubwa kuliko ya nyuma. Picha hiyo yataka kupigwa alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa na kuzikanyaga, na kabla majirani hawajaanza kubishana mbwa ni wa nani.