Kuni za shule na sheria isiyofika jikoni

Yamkini msomaji atashangaa kuona mwalimu wa isimu akijitia katika habari za kuni na majiko. Majuzi nilialikwa katika shule moja ya bweni, isiyo mbali na mji wa Kakamega, nizungumze na wanafunzi kuhusu uandishi wa insha. Nilifika mapema, na mvua ya alasiri ikanifukuza hadi kwenye baraza ya jikoni. Nje, lori lilikuwa limemwaga kuni za mkaratusi zilizokatwa karibuni, nazo zilikuwa zikinyeshewa zote. Mpishi mkuu, mama wa makamo, aliniona nikizitazama, akasema, "Mwalimu, hizi zikifika motoni, kwanza tunachemsha maji yaliyo ndani yake, ndipo tuanze kupika maharagwe."

Maelezo bora kuliko hayo sijayasikia hata kwa wataalamu. Kuni mbichi, karibu nusu ya uzito wake huwa ni maji. Shule inayozinunua kwa tani hulipia maji hayo, kisha huunguza sehemu ya kuni zenyewe ili kuyageuza kuwa mvuke, na kinachobaki hutoa moto hafifu wenye moshi mwingi machoni mwa wapishi. Kilo moja ya kuni zilizokaushwa vyema ina nishati inayolingana na takribani uniti 4 za umeme. Hebu walimu wa hisabati wawape wanafunzi wao hesabu hii: lori la tani 7 za kuni kavu lina nishati ya uniti 28,000. Familia inayotumia uniti 100 za umeme kwa mwezi ingehitaji miaka 23 na ushei kuzimaliza. Shule kubwa ya bweni huliteketeza lori hilo kabla ya muhula kwisha.

Hata hivyo, panapotajwa matumizi ya nishati katika majengo, fikra zetu hukimbilia Nairobi, kwenye lifti, viyoyozi na maghorofa ya vioo. Mwaka 2012 zilitolewa kanuni zinazowataka watumiaji wakubwa wa nishati wafanyiwe ukaguzi kila baada ya miaka mitatu. Sheria ya Nishati ya 2019 ikaziagiza kaunti ziandae mipango yao ya nishati. Mwaka 2020 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa kuhifadhi nishati, na kanuni mpya za ujenzi za mwaka 2024 zikachukua mahali pa zile za 1968. Sizibezi juhudi hizi. Ninalouliza ni kama yupo yeyote kati ya waandishi wake aliyewahi kusimama katika jiko la shule saa kumi na moja alfajiri.

Tatizo la kwanza ni la mamlaka. Katiba ya 2010 iliziacha shule za msingi na za upili mikononi mwa serikali kuu, lakini ikazipa kaunti upangaji wa ujenzi, vyuo vya ufundi vya vijijini na sehemu ya mambo ya nishati. Kwa hiyo jiko ni la Nairobi, ilhali fundi atakayelijenga amefunzwa na kaunti, na ramani yake inapitia meza za kaunti. Katikati ya hao wawili kuni zinanyeshewa. Serikali kuu imekuwa ikitangaza nia ya kuzihamisha shule kutoka kuni hadi gesi, nia ambayo ni njema. Lakini gesi ina bei yake, na hadi itakapofika kila shule, wanafunzi watakula maharagwe yaliyopikwa kwa kuni, katika kaunti yenye watu zaidi ya 1,800,000 kwa hesabu ya 2019, mashamba yaliyogawanywa yakagawanyika, na msitu ambao ni mabaki ya misitu mikubwa ya mvua iliyoenea kutoka Kongo.

Tatizo la pili linanihusu kikazi. Sheria na kanuni hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba hiyo hiyo inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tunapozitafsiri tunasema "ufanisi wa nishati". Kwa fundi na kwa mpishi, ufanisi ni kufanikiwa, ni mtu kujaliwa mali. Msemo huo hauwaambii kwamba kazi ile ile yaweza kufanywa kwa kuni chache zaidi. Walioanzisha majiko ya udongo katika eneo hili la magharibi walikuwa werevu kutuzidi. Jiko lililoenezwa tangu miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Maendeleo ya Wanawake liliitwa Maendeleo. Baadaye likaitwa Upesi. Jina hilo la pili halikutaja msitu wala mkakati. Lilimwambia mpishi jambo moja alilolitaka, chakula kiive mapema, na kuni zikapungua papo hapo.

Yanayotakiwa shuleni hayahitaji mfadhili wa ng'ambo: banda la mabati lililo wazi pande zote ili upepo upite, kuni zilizopasuliwa na kukaa humo miezi kadhaa kabla ya kutumiwa, jiko la kujengewa lenye dohani, vifuniko vya sufuria, na maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha. Kaunti inaweza kukataa kuidhinisha ramani ya jiko la shule lisilo na banda wala dohani. Inaweza pia kuyafundisha hayo katika vyuo vyake, kwa Kiswahili ambacho fundi wa Lurambi au Shinyalu atakielewa bila mkalimani. Nao walimu wakuu wanaweza kuacha kununua kuni wiki ile ile zinapohitajika.

Nilipomaliza kuzungumza na wanafunzi wale, mvua ilikuwa imekatika. Wavulana wawili waliochelewa gwaride la asubuhi walikuwa wakitumikia adhabu yao: kuziingiza jikoni kuni zile, zikichuruzika maji, kwa chakula cha jioni.