Bibo si la kutupa, wala si dawa

Msimu wa korosho Kibiti una harufu yake: mabibo yanayooza chini ya mikorosho. Mkulima huchukua korosho akazipeleka ghalani, bibo akawaachia nzi. Tunda hilo lina vitamini C kuzidi chungwa, tena lina polifenoli, ndizo zinazoleta ule ukakasi kooni.

Kakao ya Kyela nayo ina polifenoli zake. Maabara zimeonyesha kuwa huzuia lehemu mbaya isichachuke na kushika kwenye mishipa ya damu. Mwilini mambo si mepesi hivyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2022, uliohusisha wazee zaidi ya 21,000, haukuthibitisha kwamba vidonge vya kakao hupunguza jumla ya maradhi ya moyo na kiharusi.

Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, usibandike "dawa ya lehemu" kwenye chupa ya juisi ya bibo. Isitoshe, ili juisi inyweke huchanganywa na uji mwepesi wa wanga, na mchele Rufiji tunao, ili unase ukakasi. Ukakasi ukitoka, sehemu kubwa ya hizo polifenoli imetoka nao!

Uza utamu na vitamini. Na mtambo uwe karibu na shamba, maana bibo lililoanguka leo asubuhi, kesho halifai.