Mbwa jike azae mpaka lini?

Vijijini Masasi na Newala mbwa ana kazi. Hulinda muhogo usichimbuliwe na nguruwe pori, hulala uani korosho zinapoanikwa, na usiku humbwekea mgeni asiyepiga hodi. Ndiyo maana kuanzia Chidya hadi juu ya uwanda wa Makonde mbwa hawakosekani. Lakini mkulima anayejua barabara lini apulizie mikorosho yake salfa hubaki ameduwaa akiulizwa mbwa wake jike ataacha kuzaa lini. Akijibu, husema ataacha akichoka mwenyewe.

Mbwa hachoki mwenyewe. Jike hana umri ambao kizazi hufunga kama kwa binadamu. Joto la kwanza humjia kati ya miezi sita na mwaka mmoja, kisha hurudi karibu kila nusu mwaka, hata uzeeni. Mimba huchukua siku 63 hivi, na uzao mmoja huwa na watoto watano, sita, pengine zaidi. Jike akiachwa apandwe kila joto, kwa mwaka mmoja anaweza kuzaa mara mbili, na sehemu kubwa ya maisha yake ataipitisha akiwa na mimba au akinyonyesha. Anayenyonyesha anahitaji chakula maradufu na maji mengi. Juu ya uwanda wa Newala, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni na ambako kila ndoo ina bei yake, jike wa namna hiyo huambulia ukoko wa ugali na maji yaliyooshewa vyombo. Mbavu zake zinahesabika kwa macho.

Watoto nao huenda wapi? Dume huombwa na majirani hata kabla hajafumbua macho, maana ndiye anayetakiwa kwa ulinzi na kwa kufukuza nguruwe. Jike hakuna anayemtaka. Hii si tabia ya kusini peke yake: watafiti waliohesabu mbwa vijijini sehemu mbalimbali za Tanzania wamekuta madume wengi kuliko majike. Majike hawakuzaliwa wachache. Waliwekwa kwenye kiroba wakatupwa jalalani, porini au kando ya barabara, ili "wasilete watoto wengine." Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaukataza ukatili wa namna hii. Lakini hata sheria ikiwekwa kando, mwenye mbwa anayetupa vijibwa kila mwaka anakiri kwa mikono yake mwenyewe kwamba uzazi ulipaswa kukoma zamani. Anasubiri tu uzao utokee ndipo aukomeshe.

Wanaopona bila mwenye kuwajali hukua wakizurura, na hapo suala la nyumba moja linakuwa la kijiji kizima. Wakazi wa Mtwara na Lindi wana sababu ya kulielewa hili kuliko Watanzania wengine. Kati ya 2010 na 2015 kusini-mashariki mwa Tanzania ilikuwa moja ya sehemu tatu duniani, pamoja na KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini na Visayas ya Ufilipino, zilizotumiwa na Shirika la Afya Duniani kuonyesha kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa. Fedha zilitoka kwa taasisi ya Bill & Melinda Gates Foundation. Wilaya 28 ziliingia katika mradi huo. Mbwa walichanjwa kwa kampeni, na watumishi wa afya na wa mifugo wakawa wanatuma kwa simu ya mkononi taarifa za watu walioumwa na mbwa na za chanjo zilizotolewa.

Kipimo kilichokubalika ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Ugumu ni kwamba kiwango hicho hakikai. Mbwa wa kijijini haishi sana: waliochanjwa hufa, vijibwa wasiochanjwa huzaliwa, na baada ya miezi kadhaa kinga ya kijiji imeshashuka. Wenye mbwa huongeza tatizo bila kujua kwa kuwaacha vijibwa nyumbani siku ya chanjo, wakidhani bado wadogo mno, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri na hao wachanjwe. Kila uzao usiopangwa, basi, unatoboa tundu katika kazi iliyogharimu fedha na jasho. Pemba kichaa cha mbwa kilitoweka mwaka 2014, kikarudi 2016, na chanjo ikabidi ianze tena. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo vya watu wapatao 1,500 kwa mwaka nchini kwa ugonjwa huu, na duniani karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Wapo wanaosema dawa ni bunduki na sumu. Bali, kisiwa cha Indonesia, walijaribu ugonjwa ulipoingia mwaka 2008: mbwa wengi waliuawa, kichaa kikazidi kuenea, na nafuu ilianza kuonekana baada ya chanjo ya kisiwa kizima. Bunduki haichagui. Humwangusha aliyechanjwa jana pamoja na yule wa jalalani, na nafasi yao hujazwa na uzao unaofuata.

Basi jike akome lini? Klabu ya mbwa ya Uingereza, The Kennel Club, kwa kawaida haiandikishi watoto wa jike aliyefikisha miaka minane siku ya kuzaa, wala uzao wa tano wa jike yeyote. Hao ni mbwa wanaolishwa vizuri na wenye daktari wao. Kwa mbwa wa Chidya anayekula makombo, kikomo hicho ni kirefu mno. Uzao mmoja au miwili unatosha, akiwa amekomaa na amepumzika katikati. Na kama alizaa kwa shida au alibaki mifupa mitupu, asirudie tena. Wauzaji wa mbwa wa kizungu mijini, wanaouza kijibwa kwa laki kadhaa, wana kishawishi kikubwa zaidi cha kupitiliza, na wao hawana kisingizio cha umaskini. Ila kipimo cha kwanza kinatangulia umri: asiye na nyumba za kuwapokea watoto wote, majike wakiwamo, na asiye na njia ya kuwapatia chanjo, asimwache jike wake apandwe hata mara moja.

Kuhasi madume pekee hakusaidii sana, kwa kuwa dume mmoja aliyebaki anatosha kuwapanda majike wa mtaa mzima. Njia ya uhakika ni jike kutolewa kizazi na daktari wa mifugo. Upasuaji ukikosekana, afungiwe ndani wiki zote tatu za joto, na si siku zile mbili tatu ambazo madume wanaonekana mlangoni. Sindano za kuzuia mimba ambazo wengine huulizia dukani zina hatari yake: huweza kuleta usaha katika kizazi na uvimbe wa matiti, na mbwa akafa kwa kitu kilichokusudiwa kumpumzisha.

Hapa lawama haimwishii mwenye mbwa. Mkulima wa Newala hawezi kumsafirisha mbwa hadi Mtwara mjini kutafuta daktari wa kumpasua. Halmashauri za Masasi na Newala zinapopanga siku ya chanjo ya mbwa, zimpeleke pia daktari wa upasuaji na kuandikisha majike kijiji kwa kijiji, kwa bei ambayo mkulima anaweza kuilipa korosho zikiuzwa. Wenyeviti wa vijiji waanze kudai hilo kwenye vikao vya bajeti. Na mwenye jike asisubiri bajeti hiyo: siku ya chanjo ikitangazwa ampeleke yeye na watoto wake wote, na joto linalofuata limkute ndani.