Mhudumu wa Dharura na Lugha ya Mgonjwa

Anayesomea huduma za dharura nchini hufunzwa kuzibua njia ya hewa, kuzuia damu na kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Huyarudia hayo juu ya sanamu mpaka mikono izoee. Lakini masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, ilhali majeruhi wa Kongowea atamjibu kwa Kiswahili.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee asemaye moyo unamchafuka huenda ana kichefuchefu tu (ingawa hicho nacho chaweza kuashiria maradhi ya moyo). Mama asemaye ana kifua pengine anakohoa. Kubwa zaidi ni saa. Jamaa za aliyepigwa na kiharusi wakisema alianguka saa mbili asubuhi, naye mwanafunzi kwa haraka aandike 2 badala ya 8, amekosea kwa saa 6. Na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Basi wakufunzi na watahini mahojiano ya mgonjwa kwa Kiswahili, na wayape alama sawa na za kufunga bendeji.